Mbio za Dar es Salaam zianze kabla ya jua, mgeni rasmi awe amefika au hajafika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo moja kuhusu mbio za barabara zinazofanyika jijini Dar es Salaam, nalo ni saa ya kuanza. Yapo mengine yanayostahili kuandikwa, kama ada ya usajili inayopanda kila msimu, fulana zinazochuja zinapofuliwa mara ya kwanza na zawadi za washindi zinazochelewa kulipwa, lakini hayo hayamwangushi mtu barabarani. Saa ya kuanza inaangusha watu, na sisi tunaokimbia tumewaona wakianguka.

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, alipomaliza marathoni ya Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Nchi nzima iliitazama picha ya mstari wa kumalizia. Lililozungumzwa kidogo ni kwamba mbio zile zilikuwa zimepangwa kuanza saa 2:00 asubuhi kwa saa za Japani, na waandaaji wakazitanguliza hadi saa 1:30 kwa sababu ya joto. Miaka minne kabla ya hapo, marathoni ya Olimpiki ya Tokyo ilihamishiwa mji wa Sapporo, kaskazini mwa Japani, ili kulikwepa joto hilohilo, na bado mbio za wanawake zikatangulizwa kwa saa nzima, kutoka saa 1:00 hadi saa 12:00 asubuhi, kwa uamuzi uliotolewa jioni ya kuamkia siku ya mashindano. Peres Jepchirchir wa Kenya ndiye aliyeshinda Sapporo mwaka 2021 na ndiye aliyeshinda Tokyo mwaka 2025, kwa hiyo mara zote mbili alilazimika kuamka mapema kuliko ratiba ilivyosema, na sijasikia kwamba alilalamika.

Hao ni watu ambao kukimbia ndiyo kazi yao, wana makocha, wana madaktari, na wanamaliza kilomita 42 katika muda ambao wengi wetu tunatumia kumaliza 21. Kama wao wanaogopewa joto kiasi hicho, mtu angetarajia kwamba sisi wa kawaida tuogopewe zaidi. Huku kwetu tunakwenda kinyume.

Katika mbio moja kubwa niliyoshiriki hapa jijini, ambayo sitaitaja kwa kuwa kasoro hii si yake peke yake, tulitangaziwa kwamba tungeanza saa 12:00 kamili asubuhi. Watu walianza kufika uwanjani gizani, wengine wakitoka Mbagala, Gongo la Mboto na Kibaha kwa magari ya kukodi waliyochangishana na wenzao wa vikundi vya jogingi. Mshereheshaji alitupasha misuli moto kwa muziki mpaka misuli yenyewe ikaanza kuchoka, tukaambiwa tusogee kwenye mstari, kisha tukaambiwa tusubiri kidogo, na hapo tukasimama tumebanana huku jua likichomoza, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa njiani. Alipofika ukafuata utambulisho wa viongozi, shukrani kwa wadhamini, hotuba na picha za pamoja. Honi ya kuanza ilipolia, ilikuwa inakaribia saa 1:00.

Kwa aliyeketi jukwaani chini ya hema, dakika 45 ni kitu kidogo, na pengine hata hakuziona zikipita. Tuzihesabu barabarani. Mshindi wa nusu marathoni, anayetumia saa moja na dakika chache, angeanza kwa wakati angekuwa amemaliza muda mfupi baada ya saa 1:00 asubuhi. Akicheleweshwa, anamaliza kabla ya saa 2:00, na hasara yake ni jasho tu. Lakini mama anayekimbia na kutembea kwa kupokezana, ambaye kilomita zilezile 21 humchukua saa mbili na dakika 45, angepaswa kumaliza saa 2:45 na sasa anamaliza saa 3:30, jua likiwa limeshapanda na lami imeshika moto. Kwa anayekimbia kilomita 42 kwa saa tano na nusu, ucheleweshaji huo unamfikisha saa 6:15 mchana. Dakika zilizopotea kwenye hotuba zimetolewa kwenye giza na ubaridi, zikaongezwa mwishoni kwenye jua kali, na anayezilipa ni yule asiye na mbio, asiye na mdhamini na asiyesubiriwa na kamera.

Ndiyo maana ninashauri kwamba mbio za jiji zipangwe kwa kumtazama anayemaliza mwisho. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Chicago, Oktoba 7, 2007. Mji ule kwa kawaida huwa na ubaridi mwezi huo, lakini siku hiyo joto lilifika nyuzi 31 hivi za Selsiasi. Patrick Ivuti wa Kenya alishinda kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 11, akimpita Jaouad Gharib wa Moroko kwa sehemu tano za mia za sekunde, na kwa wale wawili siku ile inakumbukwa kwa ushindani wake mkali. Nyuma yao kulikuwa na habari nyingine kabisa. Wakimbiaji walilalamika kwamba walizikuta meza za maji zikiwa tupu, mamia wakahitaji matibabu, na baada ya kama saa tatu na nusu waandaaji waliamua kuzisimamisha mbio na kuwaambia waliobaki watembee au warudi. Mtu mmoja alifariki dunia siku hiyo, ingawa uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na tatizo la moyo. Tangu wakati huo Chicago imekuwa ikitumia bendera za rangi njiani, kuanzia kijani hadi nyeusi, ili kila mkimbiaji ajue hali ya hatari imefikia wapi.

Chicago ilishtukizwa na joto. Sisi hatuwezi kusema tumeshtukizwa. Kila mwenyeji wa pwani anajua kwamba kaskazi ikianza kuvuma, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, hata kulala ni shida, na kwamba kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, alfajiri inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 na mtu akatafuta shuka. Kibaya zaidi kwetu ni unyevu. Mwili haupoi kwa kutoa jasho; unapoa jasho hilo linapokauka, na hewa iliyojaa mvuke wa bahari hailikaushi, kwa hiyo jasho linatiririka hadi kwenye soksi bila kumsaidia mtu chochote. Mkimbiaji aliyefanya mazoezi yake Arusha au Mbulu akija kukimbia Dar es Salaam huliona jambo hilo kilomita chache tu baada ya kuanza.

Wataalamu wanaweza kunijibu kwamba unyevu wa alfajiri ni mkubwa kuliko wa saa tatu asubuhi, na kwamba giza peke yake si dawa. Nakubali. Katika Mashindano ya Dunia ya Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza dakika moja kabla ya saa 6 usiku, pasipo jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza, kwa sababu usiku wa Doha mwezi Septemba una joto la zaidi ya nyuzi 30 na unyevu mzito. Funzo la Doha kwetu ni kwamba mwezi nao unapaswa kuchaguliwa pamoja na saa. Kwa maoni yangu, mbio za kilomita 42 zisifanyike kabisa Dar es Salaam kati ya Novemba na Machi, na za kilomita 21 zikifanyika katika miezi hiyo zianze kukiwa bado giza au ziahirishwe. Wenye hamu ya kilomita 42 katika miezi hiyo wana mikoa ya nyanda za juu ya kwenda.

Hata katika kipupwe, njia yenyewe inaweza kumsaidia au kumtesa mkimbiaji. Waandaaji wengi wanalipenda Daraja la Tanzanite tangu lilipofunguliwa mwaka 2022, na ninawaelewa, kwani picha zake ni nzuri na upepo wa bahari hupita pale. Alfajiri hakuna mahali patamu pa kukimbilia jijini kuliko pale. Lakini ni zaidi ya kilomita moja ya zege juu ya maji, haina mti hata mmoja, na anayeipita saa 3 asubuhi kuelekea kumaliza anapigwa na jua kutoka juu na kutoka chini. Oysterbay na Masaki, kwa upande mwingine, bado zina barabara zenye miti mikubwa iliyopandwa zamani, ambayo hatujaikata yote. Sioni ugumu wa kuchora njia ambayo daraja linapitwa mwanzoni na vivuli vinaachwa kwa ajili ya kilomita za mwisho.

Zipo hoja za kupinga kuanza mapema na nisingependa kuzipita kimya. Ya kwanza ni usafiri: mabasi ya mwendokasi na daladala haviko barabarani vya kutosha saa 10 usiku, na si kila mtu ana gari. Hoja hii ni ya kweli, lakini tayari watu wanaamka saa hizo ili kuwahi mbio za saa 12:00, na waandaaji wanaotoza maelfu ya watu ada ya usajili wanaweza kukodi mabasi kutoka Mbezi, Tegeta, Mbagala na Gongo la Mboto kwa nauli ya kawaida. Ya pili ni usalama, hasa kwa wanawake, na hapo jibu ni taa za barabarani, askari kwenye kila njia panda, na kuepuka mitaa yenye giza katika kilomita za mwanzo. Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na ile ya Barack Obama zina taa.

Hoja ya ibada ndiyo nzito kuliko zote, na nimeona ikipuuzwa. Jiji hili lina Waislamu wengi, na adhana ya alfajiri husomwa mnamo saa 11, mapema au baadaye kidogo kutegemea mwezi, kwa hiyo mbio zinazoanza saa 11 kamili zitamlazimisha Mwislamu achague kati ya swala na mstari wa kuanzia. Honolulu, mji wa kitropiki kama wetu, huanzisha marathoni yake saa 11 kamili alfajiri, lakini Honolulu si Dar es Salaam. Napendekeza kipupwe tuanze saa 11:45, swala ikiwa imekwisha, na ndani ya uwanja patengwe mahali safi pa kuswalia na maji ya kutawadhia, jambo ambalo si gharama kubwa. Jua la Julai hapa huchomoza baada ya saa 12:30, kwa hiyo wakimbiaji wangepata karibu saa nzima bila jua. Kwa Wakristo, mbio zinazofanyika Jumapili zikianza saa hiyo zinamwachia mtu nafasi ya kuwahi misa ya pili, na barabara za kwenda makanisani zinafunguliwa mapema, tofauti na sasa ambapo waumini wanakwama kwenye foleni wakitulaani, na wana haki ya kutulaani.

Msomaji ataona kwamba siombi makubwa. Kutoka saa 12:00 inayotangazwa hadi saa 11:45 ni robo saa. Pengo lenyewe liko kati ya saa inayotangazwa na saa tunayoanza kweli, na pengo hilo lina jina la cheo. Sina ugomvi na wageni rasmi. Wengi wao huja kwa nia njema, na mbio nyingi hukusanya fedha za kusaidia hospitali, wanafunzi na akina mama wajawazito, ndiyo maana watu wanaona aibu kuzikosoa. Ninachosema ni kwamba mgeni rasmi apewe mbio za kilomita 5, zianze saa 1:00, azipulizie honi, azikimbie akipenda, kisha awasubiri washindi na kuwavisha medali. Hotuba isomwe wakati huo, wasikilizaji wakiwa wamekaa na chupa za maji mikononi. Wa kilomita 42 na 21 waachwe waondoke kwa saa iliyoandikwa, hata kama jukwaa ni tupu.

Kuanza mapema hakuondoi hatari yote, na hapa naomba niseme neno kuhusu tiba, kwa sababu nimeona watu wanaotetemeka na kuongea ovyo wakilazwa chini ya hema na kupepewa kwa kipande cha boksi. Mtu ambaye mwili wake umepanda joto kupita nyuzi 40 na akili imeanza kumruka anahitaji kupozwa palepale, kabla ya kupandishwa gari la wagonjwa, kwa kuwa kila dakika inayopita inamchoma viungo vya ndani. Katika mbio za barabara za Falmouth, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambazo ni za kilomita 11 na ushei na hukimbiwa Agosti, madaktari waliofuatilia miaka 18 ya mbio hizo walihesabu watu 274 waliopatwa na hali hiyo, wakatibiwa kwa kuzamishwa kwenye mabeseni ya maji ya barafu karibu na mstari wa kumalizia, na wote wakapona. Nasisitiza ufupi wa mbio zile, kwa sababu hapa jijini wa kilomita 10 ndio wanaodhaniwa hawahitaji daktari, wakati mtu anayekimbia kwa kasi katika umbali mfupi huzalisha joto jingi kuliko anayekwenda mwendo wa pole. Barafu si kitu cha kuagiza ng'ambo. Wauza samaki wa Feri wanaipata kila alfajiri, na Feri haiko mbali na njia nyingi za mbio zetu. Kinachotakiwa ni mabeseni makubwa, barafu, na wahudumu waliofundishwa kutumia vyote viwili.

Maji nayo yana mambo yake. Wanaokwenda taratibu hukuta meza zimeshafungwa, vijana wa kujitolea wakikunja vitambaa, na wakati huohuo bodaboda wameshaachiliwa barabarani, kwa hiyo mtu anamalizia mbio aliyoilipia akijikunyata pembeni mwa lami. Ikiwa kuna muda wa mwisho wa kumaliza, utangazwe siku ya usajili na uhesabiwe kuanzia honi ilipolia, maana ni dhuluma kumchelewesha mtu dakika 45 kisha kumfungulia magari kwa saa ileile iliyopangwa mwanzo. Naongeza kwa wakimbiaji wenzangu kwamba kunywa maji kupita kiu nako kuna madhara: wakimbiaji 488 walipopimwa damu baada ya marathoni ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 walikutwa na chumvi iliyoshuka mno, na waliotumia zaidi ya saa nne kumaliza walikuwa katika hatari zaidi. Ni sababu nyingine ya kutomwacha mtu barabarani saa nyingi kuliko inavyolazimu.

Mbio hizi hazifanyiki bila kibali. Riadha Tanzania inahusika, Baraza la Michezo la Taifa linahusika, na polisi wa usalama barabarani ndio wanaofunga njia. Kwa hiyo saa ya kuanza haipaswi kubaki hiari ya mwandaaji wala ya msafara wa kiongozi. Iandikwe ndani ya kibali, pamoja na idadi ya vituo vya maji, mahali pa mabeseni ya barafu na saa ya kufungua barabara, na mwandaaji atakayechelewesha honi kwa zaidi ya dakika 10 bila sababu ya usalama akose kibali msimu unaofuata. Naomba Riadha Tanzania itamke hadharani, kabla ya kipupwe kuingia, kama iko tayari kulifanya hilo, na waandaaji watakaokubali waitangaze saa hiyo siku wanapofungua usajili, ili anayelipa ada ajue atakimbia kwenye ubaridi au kwenye jua.

Mkimbiaji wa kilomita 21,
Kinondoni, Dar es Salaam